Baba Alilipwa, Mimi Nimelipa

Kwenye kona ya tatu niliacha kupiga mayowe nikaanza kucheka, na hapo hapo nikapitwa na mtoto wa miaka kama sita.

Alivaa helmeti ya rangi ya machungwa, amekaa wima kama mwenyekiti wa kijiji barazani, kamba mkononi. Aliponifikia alinitupia jicho moja tu, lile ambalo dereva wa basi la mkoani humtupia mwendesha baiskeli, kisha akaikata kona na kutoweka. Mimi nilikuwa bado nakwenda ubavu ubavu, nyayo zinalima theluji, vumbi jeupe linanirukia mpaka kwenye meno.

Juu yangu, kwenye daraja refu la mawe, treni nyekundu ilikuwa inapanda. Watu madirishani walitutazama sisi wa chini. Muda mfupi kabla nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa nimeapa kimoyomoyo kwamba nikifika juu nitageuza na treni hiyo hiyo.

Sikugeuza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Januari, kwenye barabara ya kutoka Preda kushuka Bergün, jimbo la Graubünden, Uswisi. Mwenzangu wa kazini, dada wa Kireno, alirekodi sekunde ishirini za aibu yangu: sleji, kile kiti cha mbao cha kuteleza juu ya theluji, inaenda kushoto, mimi naenda kulia, miguu hewani. Usiku, nimechoka na nimefurahi, nikaituma kwenye kundi la familia bila kufikiri.

Mama alijibu Jumapili baada ya ibada. Ujumbe wa sauti, sekunde kumi na moja, jogoo anawika nyuma.

"Nimeona. Pole kwa kuanguka." Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, baba yako alilipwa kwenda kwenye theluji. Wewe unalipa?"

Hakuwa na hasira, wala hakuwa anatania. Alikuwa anauliza. Leo ni wiki ya sita na bado sijamjibu.

Ofisi ya baba

Baba alikuwa mgumu. Watu wa Marangu wamenielewa. Wengine mnasema mpagazi. Kwa miaka 22 alipandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro, kambi hadi kambi: Mandara, Horombo, Kibo, halafu kurudi. Mayai, viti, mitungi ya gesi, mabegi ya nguo ambazo mgeni hatazivaa. Akirudi midomo imepasuka, viatu tunaviangika juu ya moto, na mama anamtazama usoni bila kuuliza. Baba akisema tipu ilikuwa nzuri, ada ya shule inalipwa. Akikaa kimya, tunajiandaa kurudishwa nyumbani.

Theluji yenyewe ilikuwa pale pale juu, tunaiona tukienda kuchota maji asubuhi kabla mawingu hayajafunga. Sikumbuki mtu yeyote akisema kwamba ni nzuri. Ilikuwa ofisi ya baba.

Mwisho wake ulikuwa Kibo, mita 4,720. Pale wageni huamshwa usiku wa manane, waongozaji huwatangulia na taa za kichwani, na wagumu hubaki wamejifunika, wakisubiri watu warudi wapewe chai. Kilele kiko mita 5,895. Katika miaka yote ile baba hakukifika. Nikiwa darasa la nne nilimuuliza kwa nini.

"Nani angenilipa?" alisema, akaendelea kumenya ndizi.

Sikuona kasoro yoyote kwenye jibu lile. Kupanda mlima bila kulipwa kulikuwa sawa na kwenda kulima shamba la jirani bila sababu. Kwa hiyo mama alipouliza swali lake, hakulitoa hewani. Alitumia mizani ile ile iliyonisomesha.

Na niseme kweli: miaka minne ya kwanza huku, mimi na mama tulikuwa upande mmoja. Theluji ya kwanza niliyoigusa maishani ilikuwa kwenye kituo cha basi mjini Chur, saa kumi na moja alfajiri, nikienda zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Iliingia kwenye viatu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Tangu hapo theluji kwangu ni koleo, chumvi ya kumwaga mlangoni, na wazee ambao hawaruhusiwi kutoka nje wasije wakavunjika nyonga.

Tuombeane

Nilirudi nikaangalia picha zote nilizowahi kutuma nyumbani. Nina sare ya kazi. Nina sare ya kazi na kofia ya sufu. Kituo cha basi kimefunikwa na theluji, maelezo yake: "Baridi kali leo, tuombeane." Chumba changu, lakini upande wa kitanda tu, upande wenye dirisha linaloangalia mlima sijautuma.

Hakuna picha ya aiskrimu. Hakuna ya ziwa wakati wa kiangazi.

Sikuwahi kukaa chini nikaamua kuficha. Ilitokea tu, kama unavyojifunza kutotafuna mbele ya mtu aliyefunga. Ukiwa nje, unajua kwamba kila shilingi inayotumwa nyumbani ina hadithi, na hadithi inayokubalika ni ya jasho. Mtu anayefurahi huku anaanza kuonekana kama mtu aliyebakiza kitu mfukoni. Wenzangu wa Dubai na Muscat wananiambia ni hivyo hivyo, tofauti yao ni joto.

Kwa hiyo zile sekunde ishirini zilikuwa za kwanza. Miaka minne ya tuombeane, halafu ghafla mtoto wao yuko mgongoni kwenye theluji, anacheka kama amerukwa na akili.

Breki ni viatu

Hebu niwaeleze jinsi inavyofanyika, maana dada zangu waliuliza na niliwajibu vibaya.

Unapanda treni nyekundu kutoka Chur, saa moja na nusu hivi, unashuka Bergün, mita 1,373. Unakodi sleji. Ni kama kigoda kirefu cha mbao ngumu, kimekaa juu ya mbao mbili zilizopindwa mbele, na chini yake zimevishwa utepe wa chuma. Haina usukani, haina breki, haina hata pa kuegemea. Unaibeba, unarudi kwenye treni, unapelekwa Preda, mita 1,789.

Kati ya vijiji hivyo viwili kuna mteremko wa mita mia nne na ushei, na treni haiwezi kuupanda wima. Kwa hiyo reli inazunguka. Inaingia kwenye mlima, inajisokota ndani kwa ndani, inatokea juu zaidi ikiwa imeelekea ulikotoka, inavuka daraja, inaingia tena. Umbali ambao kunguru angeumaliza kwa kilomita tano, treni inautembea kwa zaidi ya kumi na mbili. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1903, na tangu 2008 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kila nikichungulia dirishani nilikiona kijiji cha Bergün tena, sasa kushoto, sasa kulia, na kila mara kimekuwa kidogo zaidi. Kama kuna njia bora ya kumtisha mtu kabla ya mteremko, siijui.

Barabara ya magari inayopita hapo kwenda juu kuvuka mlima, kwenye kipito cha Albula, hufungwa wakati wa baridi. Basi wenyeji wakaamua: gari halipiti, watu watapita kwa makalio. Kilomita sita. Ni barabara ya serikali kabisa, yenye kingo zake na kona zake, na inapita chini ya madaraja yale yale ambayo treni inayapita juu. Usiku huwashiwa taa.

Pale Preda nilimuuliza yule dada breki iko wapi. Akanyoosha kidole kwenye viatu vyangu.

Ukitaka kushoto, unalalia kushoto na kugusisha mguu wa kushoto chini, kidogo tu. Kulia vivyo hivyo. Ukitaka kusimama, unakanyaga kwa miguu yote miwili, wayo mzima, pembeni mwa sleji. Wayo mzima, alirudia, usitumie kisigino. Usilale kifudifudi kichwa mbele kama wale vijana. Na ukianguka, toka njiani haraka, nyuma yako kuna watu.

Nilisimama pale labda dakika kumi nikiwapisha wengine. Karibu, pita. Pita tu. Familia nzima ilipita, na mbwa.

Nilichokuwa nakiogopa si kuvunjika mguu. Nilikuwa naogopa kuvunjika mguu *nikicheza*. Ningeteleza kazini na sinia la uji, nyumbani wangeniombea jumuiya nzima. Lakini ningeanzaje? "Mama, mwezi huu sitatuma, nimelazwa. Nilikuwa nateleza mlimani. Hapana, hakuna aliyenituma."

Halafu yule dada akaondoka zake bila kunisubiri, na mimi Kijerumani cha kuomba msaada kwa mtu nisiyemjua kilinikimbia. Nikakaa. Nikasukuma kwa mikono, kama mtu anayesogeza ngalawa kwenye mchanga.

Kona ya kwanza niliipita kwa bahati. Ya pili nilikanyaga kwa visigino, kama nilivyokatazwa. Theluji ikanifumba macho, sleji ikageuka, na nikajikuta nimelala ndani ya ukuta laini mweupe pembeni mwa barabara, mkono mmoja umezama mpaka begani.

Palikuwa kimya. Theluji inameza sauti. Hata watu waliokuwa wanapita niliwasikia kama wako chumba cha pili. Nikagusa mguu. Upo. Mwingine upo. Nikalala pale muda mrefu kidogo kuliko nilivyopaswa, nikitazama misonobari.

Kona ya tatu mnaijua.

Tulishuka mara tatu siku ile. Bei ya kukodi na ya treni siitaji hapa, dada zangu wanasoma.

Aliyekaa kinyume na kalenda

Pale kazini kuna mzee mmoja wa miaka karibu tisini, mtoto wa mkulima wa bonde la huko huko juu. Jumatatu nilimwambia kwa furaha kwamba nimejifunza sleji. Nilidhani nitampa zawadi. Wazee wa huku ukiwatajia mambo ya utotoni huwa wanaamka.

Alicheka mpaka akakohoa. "Umelipia?"

Na yeye!

Kisha akanieleza. Kwao, majani ya ng'ombe yalikatwa wakati wa kiangazi huko juu sana, yakahifadhiwa kwenye vibanda vya mlimani, na wakati wa baridi, njia ikishaganda, wanaume waliyafuata na kuyateremsha kwa sleji kubwa zenye pembe mbili mbele. Unakaa mbele, katikati ya zile pembe, mzigo mgongoni kwako, mzito kuliko wewe mara nyingi. Breki ni visigino. Mzigo ukikushinda, unakusukuma popote unapotaka wenyewe. Kaka yake alibanwa kwenye ukuta wa mawe akiwa na miaka kumi na tisa. Aliishi, lakini mguu haukurudi kuwa mguu.

Kwenye ukumbi wetu wa chakula kuna kalenda, na ukurasa wa Februari una picha ya watoto kwenye sleji, mashavu mekundu. Niligundua siku ile kwamba mzee huyu hukaa kiti kilichoipa kalenda mgongo. Sijui kama ni makusudi. Sikumuuliza.

Nilikwenda nyumbani nikiwa mnyonge. Nilikuwa nimejiandalia jibu la mama: kwamba huku ni desturi, kwamba theluji yao si kama yetu, kwamba wao ni watu wa kucheza nayo tangu enzi. Kumbe hata hapa kuna mtu ambaye sleji kwake ni jasho na mguu uliopondeka. Kumbe mama na mzee huyu wangekaa meza moja wakaelewana bila mkalimani. Nyumbani Uchaggani majani ya ng'ombe hupanda kutoka tambarare, kichwani kwa mwanamke. Kwao yalishuka, mgongoni kwa mwanamume. Hakuna aliyelipa tiketi.

Tarishi wa Klosters

Wiki iliyofuata nilitafuta kusoma ilianzaje, hii ya kulipa.

Nilijikuta Davos, ng'ambo ya milima kutoka Bergün. Karne ya 19 watu wenye kifua kikuu walikuwa wakipelekwa pale kwa ajili ya hewa. Walikaa miezi, wengine miaka, kwenye viti vya kulala barazani, wamefunikwa mablanketi. Wengine walipona, wengine walizikwa. Na wageni hao, pamoja na ndugu waliokuja kuwauguza, wakawaona wenyeji wakishuka na sleji zao za kazi, wakazitaka.

Mwaka 1883 yakafanyika mashindano kwenye barabara ya kushuka Klosters, kama kilomita nne, washiriki 21 kutoka nchi kadhaa. Wawili walimaliza kwa muda mmoja, dakika 9 na sekunde 15, ushindi wakagawana. Mmoja alikuwa mwanafunzi kutoka Australia, George Robertson. Mwingine alikuwa Peter Minsch, tarishi wa posta wa Klosters.

Tarishi huyu amenikalia kichwani kuliko mama, kuliko mzee. Mwanafunzi namwelewa: kasafiri nusu ya dunia, kaona kitu kipya, kakipanda. Lakini yule wa posta? Milima ile ilikuwa kazi yake. Kesho yake bila shaka kulikuwa na barua. Siku ile moja alikaa kwenye sleji bila mfuko, akashuka njia za kwao, na mwendo wake ukawa wa mtu aliyezijua kwa miguu.

Najaribu kumwona uso. Sijui kwa nini ninahitaji kujua kama alicheka.

Nilimpigia baba

Jana nilimpigia. Si mama, baba, kwenye simu yake ndogo ya tochi, ambayo huipokea kwa kupiga kelele kama mtu anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

Tulisalimiana kwa kirefu, ng'ombe, migomba, mvua. Kisha nikamuuliza kama aliiona ile video. Aliiona, dada yangu alimwonyesha. Nikamuuliza anaonaje. Akasema nilikanyaga kwa visigino.

Nikanyamaza. Nikasema, baba, hivi wewe kule mlimani, miaka yote ile, uliwahi kufurahi?

"Kufurahi vipi?"

"Kufurahi tu. Bila sababu."

Simu ikakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha nikasikia mlango, na hatua, na sauti yake ilirudi ikiwa chini, ya mtu aliyesimama nyuma ya nyumba.

Kuna mgeni mmoja, alisema, alizidiwa na kimo pale Kibo. Kichwa, kutapika, hajui yuko wapi. Wakamfunga kwenye machela, ile ya gurudumu moja, wakakimbia naye usiku ule ule, baba akiwa mmoja wao. Ukimshusha mtu wa namna hiyo, hewa nzito ndiyo dawa. Walipofika Mandara mgonjwa alikuwa amekaa, anaomba chai. Akanywa, akala mayai, akasema haoni sababu ya kubebwa, atatembea na mwongozaji wake. Akatangulia.

Ikabaki machela tupu, ya kurudishwa getini. Wagumu wanne, njia ya msituni, mteremko mtupu.

"Wakaniambia, kaa."

"Ukakaa?"

"Nilikuwa mwepesi wakati ule."

Wawili walishika nyuma, mmoja mbele, mwanzoni wakitembea. Halafu hawakutembea. Baba alishika vyuma vya pembeni, miguu ameinyoosha, matawi yanampita juu ya kichwa, na nyani, alisema, nyani walikuwa wanatoka njiani. Waliacha kabla ya geti, askari wasije wakaona.

"Nilipiga kelele sana," alisema.

"Za woga?"

"Mwanzo, ndiyo."

Nilitaka kumuuliza ilikuwa mwaka gani, na kama mama anajua, lakini yeye alikuwa hajamaliza. "Na siku ile nililipwa," alisema, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nikiwa mdogo, kifupi, cha puani.

Kisha nikasikia mlango tena, na sauti ya mama kwa mbali ikiuliza ni nani. Baba akapaza sauti yake ya kawaida, ya ng'ambo ya mto.

"Eeh! Baridi, eeh? Pole sana mwanangu. Jikaze na kazi!"

Akakata.